Picha Iliyotundikwa Mlangoni

Ganza mwanangu,

Hujui kusoma bado, na kesho asubuhi unaondoka. Barua hii nitaitunza mimi mpaka utakapoweza kuisoma peke yako, maana wote wanaoweza kukusomea leo wangeruka maneno. Habari za sweta, dawa ya minyoo, na jinsi unavyokataa maharage yenye maganda magumu nimeshampa Mama mkubwa. Humu sitaziandika.

Nitaandika kwanza jambo lenyewe, usije ukahangaika kulitafuta. Unaniita Dada. Mimi si dada yako. Nilikuzaa mimi, Josiane, nyumbani kwa Mama mkubwa huko Ngara, nikiwa nimeacha daftari zangu za mwaka wa tatu wa sekondari chini ya kitanda hapa Gisenyi. Bibi ni mama yangu. Mama mkubwa ni dada yake Bibi, na ndiye anayekuja kukuchukua. Baba yako alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Wazazi wake walihama kabla sijapata ujasiri wa kumwambia, na mpaka leo sijui kama anajua.

Nataka ulisikie hili kwa mdomo wangu kabla hujapanda basi. Nina jioni hii tu. Nimeanza kuandika ili maneno yazoee kutoka, maana unanijua: wakiwa watu zaidi ya wawili chumbani, mimi hutazama vidole vyangu.

Niliporudi kutoka Ngara nilirudi peke yangu, na begi. Wewe uliletwa mwezi mmoja baadaye. Bibi akawaambia majirani kwamba wewe ni yatima wa binamu yetu wa Kanama, aliyefariki akijifungua. Majirani wakaja kutoa pole. Mimi nilikuwa nikiwamiminia chai. Mama mmoja akaniuliza, "Ulimfahamu marehemu?" Nikajibu, "Kidogo." Marehemu nilikuwa mimi, nimeshika birika.

Sikulazimishwa, usije ukamlaumu Bibi peke yake. Alisema, "Unataka kurudi shule au unataka kunyonyesha?" Nikasema shule. Alisema tena, "Basi usimguse mbele za watu kwa namna ile." Namna gani, sikuuliza. Nilijifunza kukubeba kama mtu anavyobeba mtoto wa jirani, mkono mmoja, nikiangalia pembeni. Nilijifunza vizuri sana. Ulipolia usiku alikuja Bibi, na mimi nilifunika kichwa kwa blanketi nikahesabu mpaka uliponyamaza.

Kisha nikaikuta kamera. Ni ile ndogo ya marehemu baba yangu, ya rangi ya fedha, inayoingia mfuko wa shati. Aliinunua Goma alipokuwa dereva. Simu ya Bibi ni ya vitufe, haipigi picha ya maana, kwa hiyo hii kamera ndiyo ilikuwa jicho letu. Bibi alikubali nikupige picha kwa sharti moja: ndani ya nyumba, pazia limefungwa. "Picha ina miguu," alisema. "Ikitoka hapa hujui itaingia nyumba gani."

Unaijua nyumba yetu. Kuta za mawe meusi ya volkano, dirisha moja dogo linaloangalia ukuta wa jirani, balbu moja sebuleni ambayo ni ya njano kama supu. Ukifunga pazia saa tisa alasiri, ni kama saa moja jioni. Humo ndimo nilimojifunzia kupiga picha, na sitajisifu kwamba nilijifunza kwa kupenda sanaa. Nilijifunza gizani kwa sababu nilikuonea aibu.

Picha ya kwanza nilitumia flashi. Ulikuwa na miezi minane. Uso ulitoka mweupe kama sahani, macho mekundu, na nyuma yako ukuta ukapotea kabisa kana kwamba umekaa shimoni. Ulilia kwa hofu. Nikakupiga tena, ukiwa unalia, kwa sababu nilitaka kuona kama macho yatatoka mekundu mara ya pili. Yalitoka. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa na hasira na wewe wakati huo, Ganza, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Baadaye nikaizima flashi, na matatizo yakaanza upya. Kila picha ilitoka kama imefutwa kwa kitambaa kibichi. Nilidhani kamera imezeeka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba penye mwanga hafifu kamera hulazimika kuacha jicho wazi kwa muda mrefu ili ishibe mwanga, na katika muda huo mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Nikajaribu kubana viwiko mbavuni na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza. Ilisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni kuacha kuishika kabisa. Niliiweka juu ya kopo la sukari, nikawasha kipima muda cha sekunde mbili, maana hata kidole kinachobonyeza huitikisa.

Kosa lingine lilikuwa la kwangu mimi na tabia yangu. Nilikuwa nasimama mlangoni na kuvuta zumu. Kwenye kamera ndogo kama hii, ukivuta zumu lenzi hupitisha mwanga kidogo zaidi, na mtetemo huonekana mara mbili. Dawa yake ni kusogea wewe mwenyewe, na kusogea ndiko kulikonishinda. Nilikuwa na picha zako zaidi ya thelathini ulizopigwa kutoka mlangoni, na katika hizo zote hakukuwa na hata moja yenye macho. Siku niliyopiga magoti mbele yako, pua yangu karibu na magoti yako, ndiyo siku niliyoona una kovu dogo chini ya kidevu. Nilikaa na wewe nyumba moja miaka miwili, na sikujua ulilipata lini.

Kuna pia ile namba inayoandikwa ISO. Ukiipandisha, kamera huona gizani zaidi, lakini picha hujaa chembe kama mtu amenyunyizia unga wa mahindi. Mimi mwanzoni niliipandisha mpaka mwisho. Sasa naiacha katikati, na kiasi kinachopungua nakitafuta kwa njia nyingine: nasogeza kiti karibu na dirisha, natandika shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi kwenye shavu lenye kivuli, nazima ile balbu ya njano. Mwanga mdogo wa upande mmoja unamtosha mtu, ili mradi atulie.

Hapo kwenye kutulia ndipo nilipokukosea vibaya zaidi. Kamera ikiwa juu ya kopo, mimi sitetemeki tena, anayebaki kutikisika ni wewe. Nikakubunia mchezo, nikauita "jiwe". Ukikaa kama jiwe mpaka kamera ilie, unapata kipande cha andazi. Ulikuwa na miaka miwili na nusu. Ulijitahidi mpaka machozi yakakutoka kwa kuzuia kupepesa macho. Siku moja ulipiga chafya katikati. Nilikufinya pajani, kwa kucha. Hukulia, kwa sababu mawe hayalii, ulikuwa umeshanisikia nikisema hivyo. Picha iliyofuata ilitoka kali kabisa. Nikajisifu moyoni kwamba nimeanza kuwa fundi.

Nimewaza sana juu ya ule mfinyo. Nilichojifunza hakina ukubwa: mtoto akitulia kwa kuogopa, uso wake hutulia pia, na picha inakuwa ya uso usio na mtu. Baadaye nilikuwa nakuacha uchoke mwenyewe, unikalie mapajani, halafu nasubiri ile nafasi kati ya pumzi na pumzi. Picha nyingi ziliharibika. Lakini ulikuwa wewe.

Mwaka huu nimemaliza sekondari. Wiki ile niliyorudi kutoka bweni na masanduku yangu, Bibi alikuwa Nyakiriba kununua viazi, na mvua ilikuwa inakuja. Umeme ulikatika. Nilifungua pazia upana wa kiganja, kinyume na amri. Nikatandika shuka kwenye kiti, nikaweka kamera juu ya vitabu vitatu vya shule, kipima muda sekunde kumi, nikakimbia nikakaa, nikakuweka kifuani. Sikukuambia uwe jiwe. Nilikunong'oneza, "Toa pumzi na mimi." Tukatoa pumzi pamoja.

Ilitoka, mwanangu. Nyuso mbili zimegusana, mwanga wa mvua kwenye shavu lako na shavu langu, kila unyusi unaonekana. Niliitazama kwenye kioo kidogo cha kamera mpaka betri ikazima. Miaka yote ule ukungu wa picha zangu ulikuwa umetuficha, na mimi nilikuwa nikipambana kuuondoa bila kufikiri nikiuondoa kutaonekana nini. Kulionekana uso mmoja, mara mbili.

Nilipaswa kuishia hapo. Nilikuwa na kiburi cha fundi. Nilipeleka kadi ya kamera studio iliyo karibu na soko nikaomba picha moja, ndogo, ya kuficha ndani ya kitabu. Mwenye studio ni mzee mmoja mchangamfu aliyekulia ng'ambo ya mpaka. Aliitazama, akanitazama.

"Ni we ulipiga? Bila flashi?"

"Ndiyo."

"Na appareil gani?"

Nikamwonyesha kamera.

"Hapana! Na kale kadude? Bon, mi natoa moja kubwa, naweka kwa mulango. Watu waone foto ya giza inaweza kuwa muzuri."

Unazijua studio za hapa: picha iliyotoka vizuri kuliko zote hutundikwa mlangoni kuvutia wateja, na hakuna anayeomba ruhusa, kwa sababu watu hufurahi kujiona pale. Maharusi hupita makusudi. Mimi nilitakiwa kusema neno moja tu, hapana. Niliangalia vidole vyangu. Nilisema, "Asante."

Nilipita pale kesho yake ili nimwambie aiondoe. Kulikuwa na wateja. Nikapita jioni, kulikuwa na wateja. Siku ya pili nilifika mpaka kizingitini, akanikaribisha kwa sauti kubwa, "Karibu fundi!" watu wote wakageuka, nikasema nilikuwa napita tu. Kwa siku tatu uso wako na wangu ulikaa mlangoni pa soko kwa sababu niliona haya kumsumbua mtu.

Siku ya nne nilikwenda na wewe. Nilidhani nikiwa na mtoto mkononi nitapata ujasiri. Mama Fiston, jirani yetu anayeuza nyanya, alikuwa amesimama pale na wenzake wawili, mikono kiunoni.

"Josiane! Kuja hapa. Hii si we? Na kale kayatima ka Kanama?"

"Ndiyo, Mama Fiston. Shikamoo."

"Acha shikamoo yako ya Tanzania. Angalia hii sura na hii sura. Mbona ni kama walitia we kwa photocopie?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Donc marehemu alifufuka!"

"Alifufuka, akamaliza na masomo," mwingine akajibu, wakapigana viganja.

Mama Fiston akainama, akashika kidevu chako, akakugeuza kwangu na kukurudisha kwenye picha, kama mtu anayepima kitambaa. Hakuwa anacheka tena. "We binti, sema tu. Sisi tulizaa. Huyu mutoto iko wako?"

Aliuliza kwa upole, Ganza. Hilo ndilo linaloniuma. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua alikuwa mchongezi mkubwa kuliko wote mtaani, na sauti yake ilikuwa ya upole. Ulikuwa umeshika sketi yangu. Nikasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya watu, safi, bila kutetemeka:

"Huyu awe wangu? Tulimwokota kwa huruma tu. Tazameni hiyo pua."

Wakaitazama pua yako. Wakacheka tena, safari hii wakikucheka wewe. Na mimi nikacheka ili wanione nacheka. Uliachia sketi. Ukainua mkono ukaigusa pua yako, taratibu, kwa vidole viwili.

Njiani hukuniuliza kitu. Mtoto wa miaka minne anayeuliza kwa nini mwezi unatufuata, hukuniuliza kitu. Ulipofika nyumbani ulikwenda kwenye kioo cha Bibi.

Habari zilimfikia Bibi kabla ya chakula. Alikwenda mwenyewe studio akairudisha picha imekunjwa chini ya kitenge. Wewe uliiona, ukafurahi, ukasema, "Ni mimi na Dada!" Akaiweka juu ya mkaa mbele yako. Kisha akatoa kadi kwenye kamera akaivunja kwa koleo. Zimebaki zile chache nilizokuwa nimechapisha zamani, za ukungu.

"Mimi nimemficha miaka minne," aliniambia. "Wewe umemtundika sokoni kwa siku tatu. Lakini wewe, una akili kweli?"

"Niseme ni wangu, Mama? Nikisema sasa?"

"Sema! Toka nje useme. Halafu uwaambie pia kwamba mama yako alipokea rambirambi za mtu asiyekufa, akapokea nguo za yatima kanisani kila Krismasi. Utanisimamisha wapi mimi Jumapili?"

Jioni hiyohiyo alimpigia simu dada yake. Mama mkubwa hakupata mtoto, na alikutaka tangu siku uliyozaliwa mikononi mwake. Alikuja leo mchana. Amekuletea viatu vyekundu, vinakutosha. Ni mwanamke mwema, nakwambia kweli. Kule utamwita Mama, na mimi nisipoangalia nitakuwa jina linalotajwa simu ikipigwa. Ameniomba nisije mwaka wa kwanza, ili uzoee. Nimekubali. Unaona jinsi ninavyokubali.

Nimeandika mpaka hapa nikaweka kalamu chini, nikatoka kwenda kukwambia.

Ulikuwa uani, ukinawa miguu kwenye beseni, wewe na mimi tu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Kongo na kulibaki ule mwanga wa mwisho ambao hauna kivuli. Nilikaribia. Nilipiga magoti. Nilitoa pumzi kwanza.

Nikasema, "Ganza, nisikilize. Mimi ndiye mama yako."

Ulinitazama mdomo, ukisubiri niendelee, kama ninapokuhadithia hadithi. Kisha ukacheka. Ulicheka kwa meno yote, ukanirushia maji, ukaruka kutoka kwenye beseni na miguu imejaa povu, ukakimbilia sebuleni ukipiga kelele:

"Bibi! Bibi! Dada anasema yeye ni mama yangu!"

Nilikufuata. Bibi alikuwa amekaa kulia, Mama mkubwa kushoto, vikombe mikononi. Wewe ulisimama katikati yao, unadondosha maji sakafuni, ukigeuka kunitazama mimi, ukigeuka kuwatazama wao. Hukuwa unacheka tena. Ulikuwa unasubiri. Naapa, ulikuwa unasubiri mtu akujibu. Mama mkubwa aliweka kikombe chini polepole sana. Wote wawili waliniachia mimi nafasi, na ilikuwa ndefu ya kutosha.

Nikasema, "Nilikuwa namtania."

Mama mkubwa akapumua. Bibi akakuita ukaushwe miguu. Ulikwenda. Ulipopita karibu nami ulisema, "Dada muongo," bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kitu.

Sasa umelala. Nimesimama mlangoni mwa chumba kwa muda, kisha nikarudi huku kumalizia. Kesho nitabeba mfuko wako mpaka kituoni, nitakufunga zipu ya sweta, utanipungia mkono kupitia kioo, na mimi nitapunga. Sitasema kitu, najijua. Ukiisoma hii ukiwa mkubwa, watu watakwambia nilikuwa mdogo, niliogopa, nilikuwa na haya. Ni kweli yote, na hakuna hata moja iliyokushika mkono pale mlangoni pa studio. Una haki ya kutoniandikia. Una haki ya kuja na kunigeuza kidevu kwenye mwanga, uangalie, kisha uondoke.

Pua yako ni nzuri. Ni yangu.

Sikuwa nakutania.

Mama yako,
Josiane